Mazoezi kwa asiye na muda: jibu kwa dada wa Makorora

Msomaji wetu wa Tanga anauliza: "Shikamoo. Nina miaka 41, naishi Makorora, nina watoto watatu na mume ambaye kazi yake ni safari. Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Natoka nyumbani saa 1 asubuhi, narudi saa 12 jioni, na meli ikiingia narudi hata saa 2 usiku. Kutwa nimekaa. Mwezi uliopita nilipimwa presha ikaja 138/88, nikaambiwa si ya kumeza dawa bado ila nifanye mazoezi. Nikajiunga na jimu. Siku ya kwanza nilichuchumaa na vyuma mpaka nikashindwa, kesho yake ngazi sikuweza kushuka, siku ya tatu nikaacha na hela ya mwezi wakabaki nayo. Kukimbia barabarani naona haya, navaa baibui, na vijana wa bodaboda hawakosi la kusema. Mtu kama mimi anaweza kuanza? Aanzie wapi, afanye saa ngapi? Na kitambi nacho je? Na ile mashine ya kukimbilia ndani, niichukue kwa mkopo?"

Marahaba, dada yangu. Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, kwa hiyo la dawa namwachia aliyekupima. La mwendo ndilo langu, na jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, unaweza, tena bila kuamka saa 10 usiku.

Nianze na jimu kwa sababu ndiyo iliyokuvunja moyo. Misuli iliyokaa miaka bila mzigo, ukiitwisha ghafla, hasa kwa kazi ya kushuka taratibu kama kuchuchumaa na vyuma, hupata michubuko midogo sana ndani yake. Maumivu hayaji palepale. Huanza siku ya pili, hufika juu kabisa kati ya saa 24 na 72, halafu hupungua yenyewe bila dawa. Ndiyo maana ngazi zilikushinda kesho yake, wala si usiku uleule. Hayo hayakuwa maradhi. Na kuna jambo ulistahili kuambiwa mlangoni: misuli ikishaonja kazi fulani mara moja, mara ya pili ya kazi ileile huuma kidogo sana. Ungepumzika siku tatu nne ukarudi kwa nusu ya ule mzigo, wiki ya pili ungeshangaa. Aliyekuacha uendelee mpaka ushindwe alikupa kipimo cha mtu wa mwezi wa tatu. Wapo walimu wa mazoezi wanaodhani mteja asipotoka anachechemea ataona hakupata thamani ya hela yake, nao ndio wanaotuletea wagonjwa.

Sasa muda. Wengi wanaoniandikia huuliza aina ya mazoezi. Wewe umeuliza saa, na hapo ndipo penyewe, kwa sababu mwezi wa kwanza kazi yako ni moja tu: kupata mahali ndani ya siku ambapo mwendo utakaa bila kufukuzwa.

Tuitazame siku yako. Jioni unaiona kama ni yako, lakini ni ya watoto, ni ya jiko, ni ya meli iliyochelewa kufunga gati, ni ya mgeni aliyepita kukusabahi. Mtu mwenye kazi kama yako akiweka mazoezi saa 12 na nusu jioni atayafanya Jumatatu, Jumanne atashikwa, na ikifika Ijumaa atajiita mvivu. Alfajiri ni afadhali, maana hakuna anayekupigia simu saa 11 na nusu, na kama unaamka kwa sala basi umeshaamka. Hata hivyo sikushauri uanzie huko. Mama wa watoto watatu anayerudi saa 2 usiku hajui usingizi wa kutosha. Ukijinyima nusu saa nyingine kwa ajili ya presha, unabomoa unachojenga, kwa kuwa usingizi mfupi wa kila siku nao huipandisha.

Kinachobaki ni njia. Kila siku ya kazi lazima utoke Makorora ufike bandarini, na lazima urudi. Safari hiyo bosi hawezi kuifuta na mtoto hawezi kuiahirisha. Mazoezi yako ya kwanza yakae humo.

Asubuhi usipandie bajaji mlangoni. Toka mapema kidogo, tembea kuelekea mjini, upande mbele. Nasema utembee kwanza ndipo upande kwa makusudi: jasho litakukaukia kwa upepo wa njiani badala ya kuingia nalo ofisini. Jioni geuza, shuka kabla ya kwako umalizie kwa miguu. Na sisi wa Tanga tuna kipimo cha bure, barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Huhitaji saa ya mkononi ya kuhesabu hatua. Wiki hii umeshukia barabara fulani, baada ya wiki mbili shukia moja au mbili kabla ya hiyo, umeshaongeza dozi.

Wiki mbili za mwanzo, dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni zinatosha. Najua unacheka. Cheka, lakini usizidishe, hata ukijisikia una nguvu. Nataka kiwango ambacho hata siku mbaya kuliko zote, mtoto ana homa na nyaraka za mteja zimerudishwa, bado utaona aibu kukikosa kwa udogo wake. Wiki ya tatu na ya nne nenda dakika 10 kila upande. Mwezi wa pili fika 15. Fanya hesabu: dakika 15 kwenda na 15 kurudi, siku 5, ni dakika 150 kwa wiki. Hicho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima, dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Umekifikia na bado hujavaa nguo ya mazoezi.

Zamani shirika hilohilo lilisema mwendo usiofika dakika 10 mfululizo hauhesabiki. Mwongozo wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo. Dakika 5 ni dakika 5, zinaingia kwenye hesabu, na kwa watu wenye siku zilizokatikakatika kama yako hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko jingine lolote kwenye ule mwongozo. Ajabu ni kwamba bado nasikia redioni watu wakiambiwa wasipotoka jasho nusu saa nzima wamepoteza muda.

Mwendo wa wastani ni upi? Ule unaokuruhusu kuongea lakini haukuruhusu kuimba. Mpigie shoga yako simu huku unatembea. Ukiweza kumsimulia habari kwa sentensi fupifupi, uko sawa. Ukiweza kumwimbia ubeti mzima wa taarabu bila kukatika, hapo unatembea kama anayesindikiza bibi harusi, kaza mwendo. Ukishindwa hata kumjibu, punguza, hujafika huko.

Huenda moyoni unajiambia kutembea hakuwezi kuwa dawa, kwa kuwa hakugharimu kitu. Mwaka 1953 Jeremy Morris, daktari wa Uingereza, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walifanya kazi kwenye basi moja, barabara moja. Tofauti ni kwamba dereva alikaa zamu nzima, na konda alipanda na kushuka mamia ya vidato vya ngazi za basi kwa siku akikata tiketi. Makonda walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioupata waliupata wakiwa na umri mkubwa zaidi. Mtu mbishi atasema labda wenye miili mizito ndio waliochagua udereva. Morris mwenyewe alikuwa mbishi hivyohivyo: miaka michache baadaye alikwenda kukagua vipimo vya sare, akakuta kweli suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni tangu wanaajiriwa. Lakini tofauti ya moyo ilibaki hata kwa wembamba, na tangu hapo tafiti nyingi za watu wa kazi nyingine zimefuata mkondo uleule. Konda wa daladala ya kwenda Pongwe anayeninginia mlangoni, akiita abiria, akishuka na kupanda, sijui kama anajua kwamba moyo wake unafaidi kuliko wa bosi mwenye gari.

Wewe, dada, kazini kwako ni dereva. Umekaa. Kwa hiyo mbali na njia, ukatekate huko kukaa. Kila saa simama dakika mbili tatu: peleka faili mwenyewe badala ya kumtuma kijana, pokea simu ukiwa umesimama, jaza chupa ndogo ya maji ili ikulazimishe kuinuka kuijaza tena. Mfumo wa forodha ukigoma, na tunajua hugoma, wenzako watainamia simu zao kusubiri. Wewe panda na kushuka ngazi za jengo. Baada ya chakula cha mchana tembea dakika 10 kivulini au hata koridoni. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, kwa hiyo sahani ya wali ikifuatiwa na mwendo haiipandishi sukari kama ikifuatiwa na kiti. Usitoke juani saa 7 mchana kwa ajili yangu.

Maana jua la pwani si la mchezo. Tatizo letu ni unyevu kuliko joto lenyewe. Mwili hupoa pale jasho linapokauka, na hewa ya Tanga, hasa kipindi cha kaskazi kati ya Desemba na Machi, imeshiba maji kiasi kwamba jasho linachuruzika tu bila kukauka. Ukianza miezi hiyo, mapigo ya moyo yatakuwa juu kwa kazi ileile ambayo Julai ungeifanya kwa raha. Mwili huzoea ndani ya wiki moja hadi mbili. Kunywa maji kabla ya kutoka, na usipime kazi kwa wingi wa jasho. Wale unaowaona wamevaa koti la nailoni wakikimbia saa 4 asubuhi ili wapungue, wanapunguza maji, na wakinywa lita moja kilo imerudi.

La haya na baibui nitalijibu kwa urefu, kwa sababu wanaume wanaoandika juu ya mazoezi hulipita. Mwanamke anayetembea asubuhi na mkoba wake begani na raba miguuni haonekani anafanya mazoezi, anaonekana anakwenda kazini, na ndivyo ilivyo. Hiyo ni sababu nyingine ya kukuweka njiani. Bodaboda hana la kusema ambalo hajazoea kusema. Viatu vya ofisini tia mkobani, utabadilisha ukifika. Ndani ya baibui vaa suruali nyepesi ya pamba ili mapaja yasichubuane, na chagua baibui lenye upana chini. Lile la kubana magoti litakufupishia hatua na kukuchosha kiuno. Rangi nyeusi hukusanya joto, kwa hiyo mwenye baibui la kahawia au kijivu kwa siku za kazi atapata nafuu kidogo. Sidiria iwe ya kushika vizuri. Dera ni zuri kwa mazoezi ya ndani, ila barabarani hukanyagwa.

Ukipata mwenzako ofisini anayetoka upande wako, mshawishi. Mwanamke mmoja akitembea huonekana, wawili wanaopiga soga hawaonekani. Usalama nao nauzingatia: hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika 10, kutegemea mwezi. Jioni za kawaida utafika na mwanga. Siku za meli, ukirudi saa 2 usiku, panda bajaji mpaka mlangoni. Sikutaki gizani peke yako kwa ajili ya dakika kumi.

Na dakika za siku za meli utazifidia wapi? Jumamosi au Jumapili. Mwaka 2023 ulitoka uchambuzi wa watu karibu 90,000 wa Uingereza waliovaa vipima mwendo mkononi. Waliokusanya mwendo wao mwingi ndani ya siku moja au mbili za wiki walipata kinga ya moyo inayokaribiana na ya wale waliousambaza wiki nzima, ilimradi jumla inafikia kiwango. Basi wiki ikiharibika, wachukue watoto asubuhi mtembee kutoka Bombo kuelekea Raskazone. Njia ina miti, upepo wa bahari, na asubuhi za mwisho wa wiki wapo wengine wanaotembea na vikundi vya jogingi vinavyopita vikiimba, hakuna atakayekushangaa. Watoto watakimbia, wewe tembea.

Nimesema ukikosa siku utafidia, lakini hata usipofidia usiharibu nafsi yako. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96 wanaojijengea tabia mpya, matokeo yakachapishwa 2010. Ilichukua siku 66 kwa wastani mpaka jambo lifanyike bila kujisukuma, ila wapo waliotumia 18 na waliokadiriwa kuhitaji 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Nambari hizo zikupe subira: ukiona mwezi wa kwanza umekwisha na bado unajisukuma, uko kwenye ratiba.

Kutembea peke yake hakumalizi kazi. Mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani unataka misuli mikubwa ifanyishwe kazi nzito kidogo angalau siku 2 kwa wiki, na kwa mwanamke aliyevuka 40 mimi nalisisitiza zaidi, kwa sababu misuli inaanza kupungua na mifupa nayo itapoteza nguvu hedhi itakapokatika. Vyuma havihitajiki. Wali ukishapaliwa una dakika 15 ambazo kwa kawaida unazitumia kukodolea simu macho. Zitumie hapohapo jikoni au sebuleni.

Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani. Kaa, kisha inuka bila kushika kitu, shuka taratibu, inuka tena, mara 8 mpaka 12. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani usawa wa kifua, sogeza kifua kiguse karibu na ukuta, jisukume urudi. Ni pushapu hiyo, na ukizoea utaihamishia kwenye meza, kisha sakafuni kwa magoti. Jaza ndoo mbili ndogo kwa uzito unaoumudu, simama wima, zunguka nazo uani dakika moja. Mwisho inuka kwa vidole vya miguu huku umeshika fremu ya mlango. Zungusha yote mara mbili. Acha kila moja wakati unaona bado ungeweza mara mbili tatu zaidi, na hapa ndipo utofauti na ile jimu ulipo. La muhimu kwa mwenye presha yako: usibane pumzi. Toa pumzi wakati unasukuma au unainuka, vuta wakati unarudi. Kubana pumzi na kujikamua hupandisha presha ghafla. Wiki ya kwanza fanya mzunguko mmoja tu, uone kesho yake unaamkaje.

Utaniambia kufua kwa mikono, kudeki na kubeba ndoo ulizonazo tayari si mazoezi? Ni mwendo, na pale unapohema kidogo unahesabika. Lakini kazi nyingi za nyumbani ni nyepesi kwa moyo na nzito kwa kiuno, kwa sababu tunazifanya tumeinama. Zihesabu, usizitegemee. Na kijana wako mkubwa naye ashike dekio, hilo si la fiziotherapia lakini nalisema.

Presha yenyewe. Unapotembea kwa kasi, damu hupita kwa nguvu kwenye mishipa ya miguu, na kuta za mishipa zikihisi msuguano huo hutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi, ambayo huilegeza. Na hata baada ya kutembea mara moja presha hukaa chini kwa saa kadhaa. Ukirudia karibu kila siku, mwenye presha iliyopanda anaweza kutarajia namba ya juu ishuke kwa 5 hadi 8 hivi. Kwako wewe 138 ikishuka hata kwa 6 ni jambo kubwa, kwa kuwa unakaa pembezoni mwa mstari wa 140/90, ambapo presha huhesabiwa kuwa ya juu. Ila kipimo kimoja hakitoshi kukuhukumu. Kapime tena mara mbili tatu siku tofauti: kaa kimya dakika 5 kabla, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja, mkono juu ya meza usawa wa moyo, hujanywa kahawa nusu saa iliyopita, na usiongee na muuguzi wakati mashine inafanya kazi. Wengi hupimwa wamepanda ngazi sasa hivi, wanasimulia. Na chumvi ipunguze, hasa ile ya kuongezea mezani na ya vyakula vya kopo; hilo sitalirefusha.

Ukihisi kifua kinabana au kinauma unapotembea, maumivu yakipanda taya au mkono, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au kuhema kusikolingana na kazi unayofanya, simama na uende hospitali palepale, Bombo au iliyo karibu nawe. Maumivu ya misuli ya pande zote mbili baada ya siku moja hayana neno. Maumivu makali ya upande mmoja ndani ya goti au kifundo, yanayozidi kila ukikanyaga, yanataka kuonwa. Kama kwenye ukoo wenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, mwambie daktari kabla hujafika mwezi wa pili.

Kitambi sasa. Hakuna zoezi linalochagua mahali pa kupunguza mafuta. Kulala chali na kuinuka mara mia kutaimarisha misuli iliyo chini ya kitambi, na kitambi kitabaki juu yake. Hata kwa uzito, usiuchoshe mwendo kwa matumaini yasiyo yake: mtu wa kilo 75 akitembea nusu saa hutumia kalori 130 hivi, karibu sawa na soda moja ya chupa. Ukitembea ukajizawadia soda, mmetoka sare. Kinachopunguza uzito zaidi ni sahani, soda, na maandazi ya saa 4 yanayoletwa ofisini. Kinachofanywa na mwendo, hata mizani isipocheza, ni kupunguza mafuta ya ndani yanayozunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yenye madhara. Kwa hiyo usijipime kilo kila asubuhi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu mara moja kwa mwezi.

Ramadhani ikija usiache, punguza. Asubuhi tembea dakika 5 zako kwa mwendo wa kawaida, kwa kuwa hutakunywa maji mpaka magharibi. Mwendo wa kukaza uhamishie nusu saa ya mwisho kabla ya futari, au baada ya tarawehe ukiwa umeshakunywa. Kiti na ukuta vifanye usiku. Lengo la mwezi huo ni kutopoteza ulichonacho, kuongeza ni baada ya Idi.

Utakapofika dakika 15 kila upande na mwili unadai zaidi, una njia mbili. Moja ni kuutembea mwendo wote mpaka kazini mara moja au mbili kwa wiki. Nyingine ni baiskeli. Mji wetu ni tambarare na wa baiskeli tangu hapo, na wanawake wanaziendesha. Tandiko liwe juu kiasi kwamba mguu ukifika chini ya pedali goti linabaki limekunjika kidogo tu. Magoti mengi yanayoletwa kwangu na waendesha baiskeli yameharibiwa na tandiko la chini. Kukimbia si lazima, si mwaka huu wala mwaka ujao.

Mashine ya kukimbilia usiichukue kwa mkopo. Kwanza inataka umeme na nafasi, pili inakurudisha kwenye ile jioni niliyokuambia si yako. Miezi mitatu itatembelewa, baada ya hapo itaanikiwa nguo, na marejesho yatabaki palepale. Kwa sehemu ndogo sana ya hela yake nunua raba nzuri. Za mtumba hazina ubaya, ila zichague: bonyeza soli ya ndani kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama mti mpira wake umeshakufa hata kama juu inang'aa, iweke mezani uitazame kwa nyuma, ikilalia upande mmoja mwenzako aliyeivaa alikuwa na mwendo wake, iache. Nenda jioni, mguu ukiwa umejaa kidogo baada ya kukaa kutwa, jaribu ukiwa na soksi, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba.